Theluji ya Nome, Matope ya Luama

Katika Alaska, jimbo la Marekani lililo mbali kabisa upande wa kaskazini, wako watu ambao kila mwaka, mwishoni mwa Februari ama katika siku za mwanzo za Machi, wakati mito imekwisha kuganda na baridi yaweza kushuka hata nyuzi 40 chini ya sifuri, hutoa fedha zao wenyewe, na fedha si haba, ili wapate idhini ya kusukuma baiskeli nyikani. Mashindano yao yaitwa Iditarod Trail Invitational. Huanzia ziwa la Knik, si mbali na mji wa Anchorage. Wale wa masafa mafupi huishia kijiji cha McGrath baada ya maili 350, yaani takriban kilomita 560, na wale wa masafa marefu huendelea mpaka Nome, katika pwani ya bahari ya Bering, maili 1,000 kamili, ambazo ni kilomita 1,600 na kitu. Kila mmoja huchagua chombo chake: baiskeli yenye matairi manene, au mbao za kutelezea juu ya theluji, au miguu yake mwenyewe na kigari kisicho magurudumu akikokotacho nyuma kwa kamba. Njiani hapana alama za kumwongoza, na vituo ni vichache mno.

Msomaji wa Kasongo ama wa Kabambare aisikiapo habari hii, nadhani atacheka kwanza, maana katika Maniema ya kusini, huku kwetu Kongo, kusukuma baiskeli masafa ya kilomita mia mbili na zaidi ni kazi ambayo mtu huifanya kwa kuwa hakupata nyingine iliyo bora, wala hajasikika aliyetoa nakidi ili aruhusiwe kuifanya. Lakini kicheko kikiisha atauliza swali ambalo ndilo kiini cha jambo lote: watu hao hubeba nini?

Jibu ni kwamba hawabebi kitu cha kuuza. Hubeba mfuko wa kulalia, jiko dogo la kuyeyushia theluji ipate kuwa maji, chakula cha siku chache, taa ya kichwani na soksi za akiba. Na tadbiri yao yote, tangu miezi mingi kabla ya safari, ni kupunguza uzito, hata wako wanaokata mpini wa mswaki ili wasichukue gramu wasizozihitaji. Kwetu tadbiri ni kinyume cha hiyo. Dumu la lita 20 la mafuta ya mawese lina uzito wa kilo 18 hivi, na mtu anayetoka Kasongo kwenda Kindu huweka madumu sita, ama manane, ama akiwa kijana mwenye kifua na deni la kulipa, kumi. Kisha juu yake hufunga sufuria, mkeka, unga wake wa njiani, na aghalabu kuku mmoja ama wawili ambao watauzwa wakiwa hai. Yule wa Alaska hujiuliza aache nini, na huyu wa Kasongo hujiuliza kama fremu itavumilia dumu moja zaidi. Ghairi ya tofauti hiyo, ambayo nakiri ni kubwa, sanaa yao ni moja, nami sioni aibu kuzitazama pamoja.

Haifai kudhani kuwa mambo ya Alaska yalianza kwa mchezo. Dhahabu ilipoonekana katika mchanga wa Nome, mwisho wa karne ya kumi na tisa, watu waliokuwa wametanda Dawson, katika nchi ya Kanada, walitaka kufika huko kabla ya barafu kuyeyuka na meli kuanza kuingia. Na kwa kuwa mbwa wa kukokota walikuwa ghali, wako waliopanda baiskeli. Ed Jesson aliondoka Dawson tarehe 22 Februari 1900 akafika Nome tarehe 29 Machi, akifuata mto Yukon ulioganda, akiendesha katika alama nyembamba zilizoachwa na vigari vya mbwa. Max Hirschberg alimfuata mwaka ule ule, akachelewa hata barafu ikaanza kulegea. Na mnyororo wa baiskeli yake ulipokatika karibu na mwisho wa safari, alitandaza koti lake liwe tanga, upepo ukamsukuma juu ya barafu ya ghuba ya Norton. Hao hawakuwa wanamichezo. Walikuwa watafuta riziki, na baiskeli kwao ilikuwa punda asiyekula. Hata jina la Iditarod ni jina la mji wa wachimba dhahabu uliostawi baada ya mwaka 1908, kisha dhahabu ikapungua na watu wakaondoka, nao leo ni mahame. Njia ya Iditarod ilipitisha barua, mashine na dhahabu kwa vigari vya mbwa. Na mwaka 1925, maradhi ya dondakoo yalipozuka Nome, waendesha mbwa 20 walipokezana dawa katika masafa ya maili 674 kwa siku tano na nusu. Mashindano ya mbwa hadi Nome yalianza mwaka 1973, na ya baiskeli katika njia hiyo yakafuata katika miaka ya themanini. Kazi ilitangulia, mchezo ulikuja kazi ilipokwisha kuchukuliwa na ndege.

Njia zetu nazo ni kongwe kuliko baiskeli. Kasongo ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip, ilikuwa mwisho wa njia ndefu iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikatokea Mtowa, kisha Kabambare, ndipo ikafika katika bonde la Lualaba. Majeshi ya Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, yalipoutwaa mji ule tarehe 22 Aprili 1893, daktari wao Mwingereza, Sidney Hinde, alistaajabu kukuta katika nyumba zake mishumaa, sukari, vibiriti na vyombo vya fedha na bilauri, na nje ya nyumba mashamba ya mpunga na miti ya michungwa na mipera. Michungwa na mpunga viliota papo hapo. Lakini sukari, vibiriti na bilauri, pamwe na vitu vingine vyote vya pwani, vilifika vikiwa juu ya vichwa vya watu, wengine wakiwa wapagazi wa ijara na wengine watumwa, na haifai habari za misafara ile kusimuliwa na jambo hili la pili likafichwa. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani ratili 70, kilo 32 hivi. Kwa kipimo hicho baiskeli yenye kilo 190 huchukua mizigo ya wapagazi sita, tena hulindwa na mtu mmoja, ambaye ndiye mpagazi, ndiye nyapara, ndiye mwenye mali, na ikibidi ndiye fundi.

Wabelgiji walileta reli na barabara. Reli kutoka Kindu hadi Kongolo ilimalizika karibu na kuanza kwa mwaka 1911, lakini ilipita upande wa magharibi wa Lualaba, na mji wa Kasongo uko mashariki, hata ikawa mtu wa Kasongo atakaye treni lazima kwanza auvuke mto; na barabara, zilizochimbwa na kufagiliwa kwa takalifu ya wanakijiji, zilipitika maadamu kulikuwa na mkono wa kuzitunza. Mkono ule ulipolegea, madaraja yakaoza, malori yakapungua, na vita vya 1996 na 1998 vikamaliza kilichosalia. Mwaka 2004 mwandishi wa Kiingereza, Tim Butcher, alipita kwa pikipiki kutoka Kalemie, akapitia Kabambare na Kasongo hadi Kindu, akifuata nyayo za msafiri Stanley. Na katika kitabu alichokitoa mwaka 2007 aliieleza nchi ambayo magari yalikuwa yamekwisha kuwa hadithi ya wazee, na barabara iliyojengwa kwa malori mawili kupishana imesongwa na nyasi hata ikabaki ujia wa mtu mmoja. Ujia wa mtu mmoja ndio upana hasa unaotakiwa na baiskeli. Kwa hiyo baiskeli, ambayo babu zetu waliiona kwanza kwa makarani, walimu na makatekista, nayo ilikuwa pambo na daraja, ikarudi ikiwa gari la shehena.

Itazame kwa karibu, maana hapo ndipo ilipo hikima. Baiskeli yenyewe ni ya Kichina ama ya Kihindi, nyeusi, yenye fremu ya wanaume. Jambo la kwanza alifanyalo mwenyewe ni kuipeleka kwa fundi wa kuunga chuma, akaongezewa nondo kando ya uma wa mbele na chini ya keria, kwa kuwa vyuma vya kiwandani vilifanywa kumchukua mtu mmoja na mkoba wake. Kisha huondoa pedali na mnyororo, vitu visivyo na kazi kwa mtu ambaye hatapanda, tena pedali humpiga muundi. Tandiko nalo aghalabu huondolewa. Mahali pake, nyuma, husimamishwa fito imara ya mti mgumu, iliyofungwa kwa kamba za mpira uliokatwa katika mirija mikuukuu, na fito hiyo ndiyo ashikayo kwa mkono wa kulia na kuegemeza bega. Na fito nyingine, ndefu na nyembamba, hufungwa katika usukani, ikaja upande wa kushoto, nayo ndiyo aongozayo kwa mkono wa pili. Kwa namna hiyo husimama kando ya baiskeli na nyuma yake kidogo, mwili wote umeinama, akaona njia iliyo mbele ya gurudumu bila ya kuinua kichwa juu ya madumu. Breki ni kipande cha tairi kilichofungwa ili kikanyagwe, au ni unyayo wenyewe uliovikwa katambuga. Fito ya tatu hubebwa mkononi ama hufungwa ubavuni, imekatwa kwa kimo cha keria: akitaka kupumzika huikita chini, akaiegemeza baiskeli, nayo ikasimama wima na mzigo wake wote, kwa kuwa baiskeli ya kilo mia mbili ikianguka haiinuliwi na mtu mmoja.

Kupakia nako ni ilimu. Mzigo mzito hukaa chini, karibu na ekseli. Madumu hupangwa pande mbili kwa mizani, na mwenye kupakia huyagusa, hurudi nyuma, huitikisa baiskeli, husikiliza. Likilia dumu moja peke yake hulifungua akalifunga upya, kwa kuwa kamba ilegeayo katika kilomita ya kwanza itamwangusha katika ya kumi. Mchele na karanga ni rahisi kuliko mafuta: gunia hutulia, mafuta huchezacheza ndani ya dumu lisilojaa, na katika mteremko yale mawimbi madogo ya ndani ndiyo yanayouvuta usukani. Kwa sababu hii dumu hujazwa hata shingoni. Kisha kwa kuwa Kasongo ni mji wa Waislamu wengi, husomwa Fatiha, na aliye Mkristo husali sala yake, na msafara huondoka kabla ya jua. Nasema msafara kwa kuwa mtu mwenye busara haendi peke yake. Sababu yake huonekana kwenye kilima cha kwanza.

Kilima hupandwa kwa zamu. Baiskeli zote husimamishwa chini kwa fito zao. Watu wawili ama watatu huishika ya kwanza, mmoja usukani, mmoja fito ya nyuma, mmoja akisukuma mzigo kwa kichwa na mabega, wakaipandisha hata kileleni, wakaiegemeza, wakashuka mikono mitupu kuifuata ya pili. Kwa hiyo kilima cha nusu saa mtu hukipanda mara nyingi kama walivyo wenziwe. Kushuka ndiko kunakouma zaidi, ijapokuwa mgeni hudhani ni nafuu: hapo mtu hukaa nyuma, akaivuta baiskeli badala ya kuisukuma, magoti yamekunjwa, katambuga ikichoma kwa msuguano wa tairi, na akiona imemshinda huiangusha kwa makusudi upande wa juu wa njia, kwa kuwa mtumba uliopasuka ni hasara ya siku moja na mguu uliovunjika ni hasara ya mwaka.

Huku hapana theluji, lakini ipo masika, na masika ndiyo kipupwe chetu. Katika miezi ya kiangazi, Juni hata Agosti, njia huwa vumbi na mchanga, na msafara waweza kwenda kilomita 25 hadi 30 kwa siku. Mvua zikishika, udongo mwekundu hugeuka ute, ukaingia baina ya tairi na uma, ukajaa hata gurudumu likagoma kuzunguka, ndipo mtu akatoa kijiti kilichochongwa kwa kazi hiyo hiyo akaanza kukwangua, hatua ishirini, kukwangua, hatua ishirini, kukwangua. Watu wa Alaska wana msiba ulio ndugu na huu: maji yapandayo juu ya barafu ya mto, yakafichwa na theluji laini, mtu akakanyaga akalowa hata kifundo, na katika baridi ile mguu uliolowa hugandishwa katika muda mfupi. Tena kuna miaka ambayo theluji mpya huanguka kwa wingi hata baiskeli zao zenye matairi ya inchi nne haziendesheki; wenye baiskeli hushuka, husukuma mchana na usiku, na wale waendao kwa miguu, waliodharauliwa siku ya kwanza, huwakaribia. Wenye baiskeli huyapunguzia matairi upepo ili yapanuke juu ya theluji. Wa Kasongo hawezi kufanya hivyo. Kwa uzito wake tairi lisilojaa hukatwa na rimu, naye hulijaza kwa pampu hata likawa gumu kama jiwe, na mpira wa ndani ukipasuka mahali pasipotibika kwa kiraka, huutoa, akalishindilia tairi majani makavu, akaendelea.

Kwa mwenye kwenda mashariki, kuelekea Kabambare, kikwazo kikubwa ni mto Luama, utokao milima ya upande wa Tanganyika ukamiminika katika Lualaba. Mito midogo huvukwa juu ya magogo mawili yaliyolazwa palipokuwa daraja, mtu mmoja akitembea gogo hili na mwenziwe lile, baiskeli katikati; lakini panapotakiwa mtumbwi, kila kitu hufunguliwa. Madumu huenda peke yake, baiskeli peke yake, na mwenye mali hukumbana na mashaka yasiyo ya mwili: avuke pamoja na shehena ya kwanza aiache ya pili, ama aitume ya kwanza akae na ya pili? Aghalabu hapo ndipo faida ya kuwa na mwenzi huonekana kuliko kileleni mwa kilima.

Miguu ndiyo mtaji. Wenye mashindano ya Alaska husema mengi juu ya soksi, mafuta ya kupaka baina ya vidole na namna ya kutoboa malengelenge, na mwenye kudharau mambo haya hana haja ya kwenda mbali kutafuta fundisho. Livingstone, aliyeuzoea mwendo wa Afrika kuliko Wazungu wote wa zama zake, alikwama Kabambare mwaka 1870 kwa ajili ya vidonda vya miguu visivyopona, akalala miezi ndani ya nyumba mvua ikinyesha, hata mwaka uliofuata ndipo alipoifikia Nyangwe na mto Lualaba. Wasukuma baiskeli hawana daktari wala viatu vya kubadili. Wana katambuga, mafuta ya mawese ya kupaka jioni, na kanuni ya kutolala na miguu iliyolowa hata kama kuni zitakuwa za kuombwa.

Hulala vijijini. Msafara uingiapo kabla ya Magharibi humwendea mwenye kijiji, ukampa salamu na chumvi kidogo, ukaonyeshwa ubaraza. Ugali hupikwa, na sombe ikipatikana ni heri. Baiskeli hupangwa safu moja ukutani, na mtu hulala amefunga kamba baina ya fito yake na kifundo chake. Wale wa Alaska nao hujilaza penye miti, ndani ya mifuko yao, saa mbili ama tatu tu, kwa kuwa saa hazisimami. Mwaka 2014 Jeff Oatley alifika Nome kwa baiskeli katika muda wa siku 10, saa 2 na dakika 53, na hesabu ya namna hiyo haifanyiki kwa mtu aliyelala akashiba usingizi. Hapa nawaona wenzetu wana akili zaidi. Asukumaye mali yake hulala, kwa kuwa asubuhi ataishika tena.

Namna ya kuufuata mwendo wa watu hawa kutoka mbali ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Mshindani wa Alaska huchukua chombo kidogo kinachosema na setilaiti, na mkewe, aliye mamia ya maili mbali, hufungua kompyuta akaona nukta yenye jina la mumewe ikitambaa katika ramani. Nukta ikisimama muda mrefu moyo humpiga, ikisogea hupata kulala. Huwaita marafiki, wakabashiri, wakahesabu. Mke wa Kasongo hana ramani, lakini haifai kudhani hana habari. Simu hushika karibu na miji kisha hukatika, na katikati ya mji na mji habari huchukuliwa na watu wanaokutana. Msafara utokao Kindu ukikutana na utokao Kasongo, fito hukitwa pande zote mbili, na kwanza huulizwa njia: “Yaya, njia iko namna gani?” Naye hujibu si kwa neno moja: daraja gani limeondoka, mto gani umepanda, kizuizi gani kimehamishwa na sasa kinataka nini, kijiji gani kina msiba kwa hiyo msilale huko. Kisha huulizwa watu. Fulani tulimwacha mahali fulani, tairi limempasukia, yu mzima. Habari hiyo hufika Kasongo baada ya siku tatu ama nne, ikiwa ni ya siku tatu ama nne nyuma, na mama mwenye nyumba, ambaye amekwisha kuisikia kutoka vinywa viwili visivyojuana, huziweka pamoja, akatoa, akajumlisha, akajua mumewe yu wapi leo kwa yakini ambayo sikuitegemea. Zaidi ya hayo hujua shehena imefika nusu ama nzima, jambo ambalo nukta ya setilaiti haisemi.

Hadhari ya njiani huongezwa na mambo ambayo theluji haina. Vizuizi vya wenye silaha wa kila namna hutoza kila baiskeli, na kila kimoja kina bei yake na tabia yake. Upande wa Kabambare, hususan Salamabila iliyo karibu na machimbo ya dhahabu ya Namoya, na mbele yake kuelekea Misisi na Fizi, dhahabu imeleta wachimbaji, na wachimbaji wameleta njaa ya mchele, sabuni na mafuta, na penye njaa ya namna hiyo na pesa, msukuma baiskeli huja. Lakini dhahabu imeleta pia bunduki, na kampuni ya Banro iliyochimba Namoya ilisimamisha kazi mwaka 2019 kwa sababu ya hali hiyo. Msukuma huyu hukuta mbele yake soko zuri na njia mbaya, akapima. Wa mwaka 1900 kule Dawson alipima vivyo hivyo, naye alipima baridi tu.

Wako waandishi ambao wakiwaona watu hawa huwaita mashujaa, na wako ambao huwaita maskini, na majina yote mawili hunichosha. Shujaa haulizwi amepata faida gani, na maskini haulizwi amejuaje. Ilhali maswali hayo mawili ndiyo ya kuulizwa mtu mwenye fani. Alaska, kwa kuifanya safari kuwa mashindano, imepata jambo moja ambalo naliona na wivu: kila hila ya njia imeandikwa, uzito wa kila kitu umepimwa, na kijana wa mwaka huu huanza pale alipoishia mzee wa mwaka jana. Hila za njia ya Luama na ya Kindu zimo vichwani na katika mabega ya watu, na fundi wa kuunga nondo Kasongo aliyebuni namna ya kuimarisha uma bila ya kuuchoma hata ukawa dhaifu hajulikani nje ya mtaa wake. Laiti ningekuwa na uwezo, ningetuma karani mmoja mwenye daftari akae naye, wala nisingetuma mpiga picha.

Mwenye kufika Nome hupita katika barabara kuu ya mji, chini ya tao la mti, mbele ya watu wapigao makofi, na jina lake huandikwa pamoja na saa zake. Mwenye kutoka Kasongo hufika Alunguli, ambayo ni sehemu ya Kindu iliyo upande wa mashariki wa Lualaba, na mji mkuu wote, pamoja na soko na reli, uko ng'ambo ya pili. Baada ya zaidi ya juma la kusukuma, kumebaki maji, na wenye mitumbwi, ambao huujua uchovu wa mtu kwa kumtazama tu, hutaja bei kwa kadiri ya uchovu huo. Wanunuzi nao huja Alunguli kwa makusudi, kumpunguzia nauli, wasemavyo, na kumpunguzia bei. Hapo hufunguliwa dumu la kwanza, hutiwa ufito kupimwa kama kuna maji chini ya mafuta, hunuswa, hubishaniwa. Siku mbili baadaye baiskeli ile ile yageuzwa: chumvi, sabuni, sukari, vitenge, betri, sindano, daftari za wanafunzi, dawa, na mpira mpya wa ndani ambao mwenyewe huuvaa shingoni usije ukaibwa.

Katika miaka ya karibuni pikipiki zimeingia, nazo huifanya kwa siku mbili ama tatu kazi ya juma zima, na vijana wengi waliokuwa wakisukuma wameziuza baiskeli zao kuwa arubuni ya pikipiki. Ningelisema zama za fito zimekwisha kama si petroli. Petroli hufika Kasongo kutoka mbali, kwa njia hizo hizo zenye matope hayo hayo, na kila masika huja wakati ambapo haipatikani ama lita moja yauzwa kwa bei inayokula faida yote ya dumu la mawese. Ndipo wafanyabiashara huanza kupita mitaani alasiri wakiulizia nani bado ana baiskeli yenye uma mzima, na yule aliyekaa barazani kwake miezi mitatu bila ya kuitwa na mtu huitikia salamu zao taratibu, huagiza chai, na kutaja ijara ambayo wakati wa kiangazi asingethubutu kuitamka.